Kifaa Kidogo Kinacholinda Fedha za Parokia

Kamati inapojiunga na huduma ya benki kwa intaneti, baadhi ya benki huwapa watia saini kifaa kidogo cha kutoa namba za siri. Ndani yake mna saa, na siri ambayo benki pia inayo. Kwa hizo mbili hukokotoa namba, mara nyingi ya tarakimu 6, inayobadilika kila sekunde 30 au 60.

Mwizi aliyepata neno la siri pekee ana nusu tu ya ufunguo. Lakini akipiga simu akijifanya mtumishi wa benki, nanyi mkamsomea namba hiyo, anaingia papo hapo.

Tunawasihi: namba asisomewe yeyote. Mwenyekiti na mhazini kila mmoja atunze kifaa chake. Vikikaa droo moja, saini mbili zimegeuka moja. Kikipotea, benki iarifiwe siku hiyohiyo.