Stelingi na Adui Zake: Majina ya Watu na Makundi katika Filamu Zinazosimuliwa Temeke

Makala haya yanahusu maneno mawili yanayosikika katika vibanda vya kuonyeshea filamu huko Temeke, ambavyo wenyeji huviita vibanda umiza. Maneno hayo ni stelingi na adui. Yeyote aliyekulia Tandika, Mbagala au Keko huyatumia bila kufikiri. Walakini mfasiri anayeketi mezani na kamusi yake, akipewa filamu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu wanaokabiliana na waovu waliokusanyika karibuni, aghalabu hayatumii. Huandika shujaa na mwovu. Shabaha ya makala ni kuonyesha kwamba tofauti baina ya jozi hizi mbili si ya lugha ya mtaani na lugha sanifu tu. Ni tofauti ya maana, na sarufi yenyewe yaithibitisha.

Nyingi katika filamu zinazoonyeshwa humo ni za kigeni, na mtazamaji asiyejua lugha yake huhitaji msimulizi. Aliyetangulia kupata sifa katika kazi hii mjini Dar es Salaam ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye alisimulia filamu mbele ya watazamaji na kisha akarekodi sauti yake juu ya kanda za video zilizouzwa mitaani. Wengine wakamfuata. Tanzania na Kenya wasimulizi hawa huitwa madijei, na Uganda maviijei. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings ameieleza kazi yao katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya namna Waafrika wanavyozigeuza sanaa za kigeni kuwa zao. Jambo lililo muhimu hapa ni kwamba msimulizi hafasiri sentensi kwa sentensi. Uso hutokea kwenye skrini kwa nukta chache, naye hana budi kumweka mwenye uso huo mahali pake kwa neno moja, kabla picha haijabadilika. Neno lisilofanya kazi hiyo huachwa. Kwa hiyo msamiati wa vibandani umepita katika chekeche ambalo msamiati wa vitabuni haukupita.

Stelingi limetokana na neno la Kiingereza "starring", lililokuwa likiandikwa mwanzoni mwa filamu kabla ya jina la mchezaji mkuu. Katika Kiingereza ni umbo la kitenzi. Katika Kiswahili limekuwa nomino, tena nomino ya mhusika wa hadithi, wala si ya mchezaji aliyeajiriwa kumwigiza. Irabu yake yashangaza kidogo. Ingetazamiwa staringi au stalingi, na huko Kenya umbo la karibu na hilo husikika. Irabu e huenda imevutwa na neno jingine lililozoeleka tangu enzi za ukoloni, yaani pauni ya stelingi. Hata leo wako waandishi wanaoandika "sterling", kana kwamba mhusika mkuu wa filamu ni fedha ya Mwingereza.

Watazamaji wana kanuni moja juu ya mtu huyu: stelingi hafi. Wengine huicheka kanuni hiyo kuwa ni ya kitoto, lakini kwa mchunguzi wa maana ni fasili nzuri kuliko nyingi zilizomo kamusini. Haisemi kwamba stelingi ni mwema, wala kwamba ni hodari. Yasema tu kwamba hadithi inakwenda naye, na kwamba haiwezi kuendelea bila yeye.

Adui ni neno la zamani zaidi, nalo limetoka Kiarabu. Hapa yafaa kutazama sarufi kwa makini. Nomino za watu zisizoanza na kiambishi m- cha ngeli ya kwanza hugawanyika mafungu mawili zinapofuatwa na kivumishi cha kumiliki. Fungu la kwanza huchukua w-: daktari wetu, seremala wangu, shujaa wao, jambazi wao. Fungu la pili huchukua y- katika umoja na z- katika wingi: baba yangu, dada zako, ndugu zetu, jirani yake, rafiki zao. Vitabu vya sarufi, tangu kile cha Ashton cha mwaka 1944, vimeonyesha kwamba upatanisho huu wa pili ni wa nomino za udugu na ujamaa. Adui limo humo. Husemwa adui yangu, adui zetu. Hata wingi wenye ma- ulipoenea, kivumishi hakikubadilika: watu husema maadui zetu, kama wasemavyo marafiki zangu na majirani zake, ijapokuwa husema mashujaa wetu na majambazi wetu. Umbo adui wangu husikika pia, lakini halijalishinda lile jingine.

Maana yake ni nini? Daktari aliyelala peke yake chumbani bado ni daktari, na jambazi aliyelala peke yake bado ni jambazi. Lakini hakuna baba pasipo mwana, wala jirani pasipo nyumba ya pili. Ndivyo alivyo adui. Neno halitaji tabia ya mtu, bali uhusiano wake na mtu mwingine, na Kiswahili kimeuweka uhusiano huo katika safu moja na undugu, ujirani na urafiki. Msimulizi anaposema "huyu ndiye adui", mtazamaji hajiulizi kama mtu huyo ni mbaya. Hujua mara moja kwamba ni adui ya nani, kwa sababu mwenyewe ni stelingi.

Mwovu hana uhusiano wa namna hii. Ni mwovu kwa nafsi yake, na ndiyo maana neno hilo halifai kibandani: humhukumu mtu kabla hajatenda. Jambazi nalo, ambalo wasimulizi hulitumia mara kwa mara kwa watu wadogo wenye bunduki, lina historia ya kuchekesha. Wachunguzi wa asili za maneno hulihusisha na neno la Kiajemi "janbaz", ambalo kwa asili lamaanisha mtu achezaye na roho yake, na katika Iran ya leo ni jina la heshima la askari aliyeumia vitani. Shujaa wa lugha moja amefika pwani yetu akiwa mnyang'anyi.

Sasa na litazamwe kundi. Katika vitabu vya katuni vya Marekani kundi la kwanza mashuhuri la mashujaa, Justice Society of America, lilitokea mwaka 1940, na mwaka 1947 likaundiwa kundi la kupingana nalo. Avengers walitokea mwaka 1963. Katika toleo lao la 6, la mwaka 1964, Baron Zemo alikusanya watu akawapa jina la Masters of Evil. Kwa neno moja moja jina hilo ni Mabwana wa Uovu, na mfasiri wa mezani angeridhika. Lakini kundi lile halikukusanywa kwa sababu ya uovu, maana waovu walikuwa wengi. Zemo mwenyewe alikuwa na kisa cha tangu vita na Captain America. Radioactive Man alikuwa amepigana na Thor, Melter na Iron Man, Black Knight na Giant-Man. Kila mmoja aliingia kundini kwa sababu alikuwa tayari adui ya mmoja wa upande wa pili. Msimulizi angeyamaliza yote kwa sentensi ya namna hii: "Hawa ni adui zao wa siku nyingi, leo wameungana." Z- ile ya zao inafanya kazi ambayo Kiingereza kiliifanya kwa kurasa nyingi.

Upande wa mashujaa ndio uliokipa Kiswahili cha vibandani taabu zaidi. Stelingi kwa desturi ni mmoja. Filamu ya mwaka 2012 iliyowakusanya Avengers ilileta sita, na kila mmoja, isipokuwa wachache, alikuwa amekwisha kuwa stelingi wa filamu yake. Wingi wa mastelingi upo na hutumika. Hata hivyo liko umbo la pili lenye maana nyingine: kina stelingi. Kiambajengo hiki akina, au kina, ni kile kile cha kina Juma na akina mama. Kwa asili hutaja mtu pamoja na watu wake, ukoo wake au wenzi wake. Mastelingi ni wakuu wengi walio sawa. Kina stelingi ni mkuu mmoja na walio naye. Mtazamaji anayesema kina stelingi amekwisha kuamua nani ni kiini cha hadithi na nani ni wafuasi, na watazamaji wawili walioketi benchi moja waweza kuhitilafiana juu ya jambo hilo mpaka filamu iishe. Filamu ya mwaka 2019, ambamo Tony Stark hufa, iliwatia matatani waliokuwa wamemchagua yeye, kwa kuwa kanuni ya stelingi hafi haina nafasi ya jambo kama hilo.

Majina ya makundi yenyewe hayana budi kutazamwa kwa haraka. Kundi ni la watu, la ng'ombe na la ndege. Genge, linalotoka Kiingereza, lilikuwa la wafanyakazi wa shambani au bandarini, na Temeke mtoto hutumwa gengeni kununua nyanya na vitunguu. Ndiyo sababu msimulizi hulazimika kuongeza, genge la majambazi, ili asieleweke vibaya. Kikosi ni neno la kijeshi lenye heshima. Elvis Musiba, baada ya Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alichapisha Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, na kwa aliyesoma kitabu hicho jina la Avengers lilikuwa na Kiswahili chake miaka 33 kabla ya filamu. Ajabu ni kwamba wafasiri hawakukopa humo. Timu limetoka mpirani, tena kwa njia fupi, maana kibanda kile kile huonyesha filamu na mechi za Uingereza, na Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, uko Temeke hiyo hiyo. Lakini timu haileti adui. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 huitwa watani wa jadi, na utani ni uhusiano mwingine kabisa.

Mtu aweza kudhani kwamba haya yote ni mambo mapya yaliyoletwa na video. Sivyo. Katika utendi wa Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, mfalme wa Pate huwatuma Wasanye wamwendee Liyongo kwa sura ya urafiki, wale naye kikoa, kila mtu apande mkoma kwa zamu yake, na zamu ya Liyongo ikifika wamfume mishale akiwa juu ya mti. Yeye akayaangusha makoma kwa mishale yake bila kupanda. Hilo ni kundi lililokusanywa kwa ajili ya mtu mmoja, kama la Zemo, na halikumweza. Aliyemweza ni mwanawe mwenyewe. Neno lililo katika safu moja na baba na ndugu limepata humo mfano wake ulio kamili.

Kundi la mashujaa nalo lina mfano wa kale. Utendi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, uliochapishwa Dar es Salaam mwaka 1979 kwa uhariri wa Leo van Kessel, wasimulia vita vya maswahaba na mfalme wa Yemen mwenye jina hilo, ambalo lamaanisha kichwa cha zimwi. Jina hilo hilo lilipewa adui mmoja wa Batman mwaka 1971, na katika filamu ya mwaka 2005 likafika vibandani kwa njia ya Marekani, ilhali pwani ilikuwa nalo katika utendi tangu karne ya 19.

Iko hoja moja inayoweza kuletwa kupinga maelezo haya. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 Mwalimu Nyerere aliwatajia wananchi maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na vizazi vya wanafunzi vimekariri adui ujinga na adui maradhi bila kivumishi cha kumiliki. Je, adui hapo si neno la tabia? La. Kivumishi kimeachwa kwa sababu mwenyewe ni taifa zima lililokuwa likisikiliza, kama vile mtoto asemavyo baba bila yangu anapozungumza na ndugu yake wa tumbo moja. Kibandani pia watu wote huwa upande mmoja, na adui husimama peke yake.

Upande huo haufuati wema. Katika Suicide Squad ya mwaka 2016 kundi jipya lililokusanywa ni la wafungwa wahalifu, na wao ndio wanaofuatwa na hadithi. Kwa mwenye shujaa na mwovu, filamu hiyo ni fumbo: waovu wako pande zote mbili. Kwa mwenye stelingi na adui haina fumbo lolote. Wahalifu wale ndio kina stelingi, na anayewapinga ni adui yao. Kinyume chake, mtu aweza kuwa mwema na bado akawa adui.

Kwa mtungaji wa kamusi yafuata mambo machache. Adui lisifasiliwe kwa tabia mbaya, na mifano yake iwe na y- na z-. Shujaa na mwovu yabaki pale msimulizi anapotoa hukumu yake mwenyewe, nako si mara nyingi. Stelingi lipewe kidahizo chake mbali na kile cha pauni, liandikwe kwa l na kwa irabu e kama linavyotamkwa, na wingi wake uonyeshwe kwa namna zote mbili, mastelingi na kina stelingi, kwa kuwa maana zake hazilingani.