Mwanafunzi na Mtu Asiye na Makazi (Sehemu ya Pili): Saa 48 Hazitoshi

Kila Machi vyuo vikuu vingi vya Marekani hufunga kwa wiki moja. Wanafunzi wengi hukimbilia ufukweni, lakini wapo wanaopanda mabasi kwenda Washington, Chicago au San Francisco kuwahudumia watu wanaolala nje. Wiki nzima hulala sakafuni kanisani, huamka alfajiri kumenya viazi, hufua mablanketi, na usiku huketi pamoja kuzungumza waliyoyaona. Mwaka 1991, katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Tennessee, lilianzishwa shirika la Break Away ili kuvifundisha vyuo vingine kuendesha safari za namna hii, na leo ni jambo la kawaida.

Wiki iliyopita tuliona tatizo lenyewe lilikotoka: hospitali za wagonjwa wa akili zilizofungwa bila wagonjwa kutafutiwa pa kuishi, vyumba vya bei nafuu vilivyobomolewa katikati ya miji, na kodi iliyopanda kuliko mishahara. Tuliona pia kwamba hesabu ya usiku mmoja wa Januari 2024 iliwakuta watu 771,480 wasio na makazi, idadi kubwa kuliko zote tangu hesabu hiyo ya kitaifa ianze mwaka 2007. Leo tunauliza: kijana wa chuo anayejitosa katika maisha hayo anajifunza nini hasa?

Wengi hujitosa kwa muda mfupi. Chuo Kikuu cha Notre Dame, Indiana, kilianza katika miaka ya 1970, chini ya padri Don McNeill, kuwapeleka wanafunzi wakae saa 48 katika mitaa ya maskini ya miji yao. Huko Washington, muungano wa kitaifa wa kutetea wasio na makazi ulikwenda mbali zaidi: mshiriki huacha pesa na simu, huvaa nguo zilizochakaa, kisha huishi mitaani saa 48, usiku na mchana, akiongozwa na mtu aliyewahi kukosa makazi mwenyewe.

Njia hii siidharau. Yapo mambo ambayo mhadhara hauwezi kuyafundisha. Kijana hugundua upesi kwamba shida ya kwanza ni choo, kwa kuwa mgahawa haumruhusu asiyenunua kitu. Ya pili ni miguu: foleni ya chakula iko upande huu wa mji, ya kupata kitanda iko upande ule, na katikati hakuna nauli. Hugundua pia kuwa watu wanampita bila kumtazama usoni, wakiwemo vijana wa rika lake wenye mikoba ya vitabu kama ule aliouacha bwenini. Aliyepitwa hivyo hata siku moja ataona tabu kumgeuzia ombaomba kisogo. Hiyo ni faida kubwa.

Lakini uzito wa kukosa makazi uko katika kutojua kutaisha lini, na hilo haliigizwi. Mwanafunzi anajua saa atakayooga maji ya moto. Anajua akiugua atapelekwa hospitali na bima italipa. Hatari ni kwamba anaweza kurudi chuoni akiamini ameshayajua maisha ya watu wale, akaanza kuwasemea. Tarehe 20 Aprili 1968, mjini Cuernavaca, Mexico, mwanafikra Ivan Illich aliwakabili wanafunzi wa Marekani waliokwenda kujitolea vijijini. Aliwaambia kwamba nia njema haiwapi haki ya kuyaingilia maisha ya watu ambao hata lugha yao hawaisikii. Waje kutazama, kusafiri na kusoma, lakini wasije kusaidia. Nadhani alizidisha, maana chungu cha supu kinahitaji mikono. Hata hivyo kila chuo kinachopanga safari kama hizi kingepaswa kumjibu kabla ya kukodi basi.

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua liko Cambridge, Massachusetts. Mwaka 1983 wanafunzi wa Harvard walifungua hifadhi ya usiku katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri lililo jirani na chuo chao. Kwa miaka mingi ilikuwa na vitanda 24, ikifunguliwa miezi ya baridi, kuanzia Novemba hadi Aprili. Waendeshaji ni wanafunzi wenyewe. Wengine hupika chakula cha jioni, wengine hukesha, wengine huandaa kifungua kinywa, na wapo wanaotoka na mablanketi na chakula kuwatafuta waliokosa kitanda. Asubuhi aliyekesha huingia darasani.

Tofauti kubwa ni kwamba hapa mwanafunzi hajigeuzi kuwa mtu mwingine. Yeye ni mwenye zamu, na ana wajibu: akichelewa, watu wanasimama kwenye theluji. Akikutana na mgeni yuleyule kuanzia Novemba hadi Februari, huzuni ya siku ya kwanza humtoka na mshangao huanza kumwingia. Kwa nini mtu huyu, anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi kibarua, bado yuko hapa? Akichunguza, hukuta karatasi. Bila kitambulisho hakuna ajira ya halali. Kitambulisho kinadai cheti cha kuzaliwa. Cheti kinadai ada na anwani ya kupokelea barua, na anwani ndicho kitu ambacho mgeni wake hana.

Akichunguza zaidi hukuta mlango wa nyumba ya kupanga. Sheria ya Massachusetts inamruhusu mwenye nyumba kudai, kabla mpangaji hajaingia, kodi ya mwezi wa kwanza, kodi ya mwezi wa mwisho, amana inayofikia kodi ya mwezi mmoja, na gharama ya kitasa kipya. Mtu anayelipwa kwa saa anaweza kumudu kodi ya mwezi na bado asiweze kamwe kukusanya tatu kwa mpigo. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kudaiwa kodi ya miezi sita mkononi hahitaji hili lifafanuliwe. Mwanafunzi wa Harvard analihitaji, na hufafanuliwa na mgeni wake mezani.

Hapo ndipo vitabu vinaposomeka. Mwaka 2022 watafiti Gregg Colburn na Clayton Aldern walitoa kitabu kinacholinganisha miji ya Marekani. Walionyesha kwamba umaskini, ulevi na ugonjwa wa akili havielezi kwa nini mji mmoja una watu wengi wasio na makazi kuliko mwingine. Kinachoeleza ni kiwango cha kodi na uhaba wa nyumba zilizo wazi. Detroit ni maskini kuliko Seattle, lakini ni Seattle yenye tatizo kubwa zaidi. Mpango wa kumpa mtu nyumba kwanza, ulioanza New York mwaka 1992, tutaueleza wiki ijayo.

Wapo waliogundua kwamba mtu asiye na makazi anakaa dawati la pili kutoka kwao. Mwaka 2016 wanafunzi wa UCLA walifungua hifadhi ndogo kanisani Santa Monica kwa ajili ya wanafunzi wenzao waliokuwa wakilala ndani ya magari na maktabani.

Desturi ya wasomi kwenda kuishi na kufanya kazi kati ya maskini ina mizizi ya zamani. Mwaka 1884 lilifunguliwa jumba la Toynbee Hall katika mtaa wa Whitechapel, London, ili wasomi wa Oxford na Cambridge waishi kati ya maskini. Edward Caird, mkuu wa Chuo cha Balliol, aliwahimiza wanafunzi wake waende London Mashariki wakatafute kwa nini nchi yenye mali nyingi hivyo ina maskini wengi hivyo. William Beveridge, mmoja wao, alikwenda mwaka 1903. Taarifa yake ya mwaka 1942 ndiyo iliyoweka msingi wa hifadhi ya jamii nchini Uingereza. Clement Attlee alianza kujitolea Stepney, huko huko London Mashariki, akiwa mhafidhina, akahamia huko, akakaa miaka mingi na kugeuka msoshalisti. Alipokuwa waziri mkuu, kuanzia 1945 hadi 1951, serikali yake ilijenga nyumba zaidi ya milioni moja. Wote wawili walikutana na swali la kwa nini, wakakaa nalo hadi wakapata jibu.

Jibu hilo linahitajika sasa. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mji wa Grants Pass, kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala nje hata pale ambapo hakuna kitanda cha kuwapa. Anayegawa supu kwa wiki moja anaweza kurudi nyumbani bila kusikia habari hiyo. Aliyekesha majira mazima atawaona wageni wake wakija na karatasi za faini.

Nasi tunahusika. Hesabu ya serikali ya Kenya ya mwaka 2018 iliwakuta watu 46,639 wanaoishi mitaani, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Naviomba vyuo vikuu vya Afrika Mashariki visiige ziara za wiki moja na picha za kugawa mikate. Viwape wanafunzi wa ustawi wa jamii, sheria na mipango miji mwaka mzima wa zamu katika kituo kimoja, chini ya watu walioyajua maisha ya mtaani. Na wakirudi, wasitakiwe kuandika walivyojisikia. Waandike mtu mmoja amekwama wapi, kwa sheria ipi, na ni ofisi gani yenye uwezo wa kumkwamua.