Sumu ya Mshale Iliyofumbua Siri ya Seli



Hivi karibuni nilikuwa Usandawe, wilayani Chemba, kaskazini ya mji wetu wa Dodoma. Mzee mmoja aliyekuwa mwindaji enzi za ujana wake aliniteremshia kutoka darini mshale uliozungushiwa ngozi kwenye ncha. Niliponyoosha mkono nishike, akanizuia. "Acha, mwanangu. Hii hata ikizeeka haisahau kazi yake."

Sumu za namna hiyo zimetapakaa Afrika Mashariki. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huitoa katika mbegu za mmea ambao wataalamu huuita Strophanthus eminii. Kwingineko hutumika mti wa msunguti, ambao sumu yake Wasomali huiita waabaayo. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, alikitenga kiini cha sumu hiyo, na jina lake likatokana na neno hilo la Kisomali: uabaini. Sumu hizi zote ni za ukoo mmoja, na zote hushambulia moyo.

Sasa utauliza, zinaushambuliaje?

Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembechembe hai ndogo mno. Ukutani mwa kila seli mna pampu zinazotoa nje sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya mezani, na kuingiza potasiamu. Zikitoka tatu, huingia mbili, mchana na usiku. Lakini pampu hizo hazionekani kwa macho. Zilijulikanaje?

Chukua mfano wa maji yetu ya Mzakwe. Kuna visima vingi na mabomba yamefukiwa ardhini. Ukitaka kujua pampu fulani inapeleka maji mtaa gani, izime hiyo moja tu, kisha usikilize ni mtaa gani unaolalamika. Ukikata umeme wa mji mzima hutajifunza kitu, maana kila mtu atalia.

Hivyo ndivyo wafanyavyo wanasayansi wa seli. Hutafuta kemikali yenye molekuli ndogo inayozima kitu kimoja na kuacha vingine, halafu hutazama kilichosimama. Kemikali isiyochagua haifai, kwani huzima mji mzima. Uabaini inachagua.

Mwaka 1953 Schatzmann wa Uswisi alionyesha kwamba sumu za ukoo huu huzuia sodiamu na potasiamu kupitishwa katika chembe nyekundu za damu. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark, akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa, alitangaza kimeng'enya kinachochangamka sodiamu na potasiamu zikiwapo pamoja. Je, ndiyo pampu yenyewe? Mwaka 1958, mkutanoni Vienna, Mmarekani Robert Post alimuuliza kama kimeng'enya chake huzimwa na uabaini. Kilipojaribiwa, kikazimika. Mwaka 1997 Skou alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia, pamoja na wengine wawili.

Mambo hayakuishia hapo. Tangu miaka ya 1990 watafiti wameonyesha kwamba uabaini ikiishika pampu hiyo, hata kwa kiasi kidogo, ujumbe hupelekwa ndani ya seli, mithili ya mtu abishaye hodi. Kumbe pampu ni mlinzi wa lango na tarishi kwa wakati mmoja.

Haya yanatuhusu sisi tusio na maabara. Ipo dawa ya moyo iitwayo digoksini, itokayo katika mmea wa Ulaya, nayo huzuia pampu hii hii. Kwa kipimo kidogo, sodiamu hubaki kidogo ndani ya seli za moyo, kalsiamu nayo ikabaki, na moyo dhaifu ukapiga kwa nguvu zaidi. Kipimo kikizidi, mapigo huvurugika na moyo waweza kusimama, sawa na mnyama aliyechomwa mshale.

Marehemu shangazi yangu aliitumia. Siku moja, akiona amepata nafuu, alijiongezea vidonge bila kumwuliza mtu. Akaanza kutapika, na akatuambia ukuta mweupe anauona wa manjano. Tulimfikisha hospitali akapona, lakini ilibaki kidogo tu tumpoteze. Kwa hiyo, msikilizaji, mwenye dawa hiyo nyumbani asiongeze hata nusu kidonge bila daktari. Akiona kichefuchefu, rangi kugeuka au mapigo kwenda ovyo, awahi hospitali. Wala asijaribu mtu kujitibu kwa miti ya mishale.

Mzee wa Usandawe hajapata kusikia habari za Skou wala za kaa wake. Lakini lile alilonionya, kwamba kitu kidogo huenda moja kwa moja mahali pake na kufanya kazi moja, ndilo lililowafungulia wataalamu mlango wa seli. Wazee wa namna hiyo wanazidi kupungua. Tukawaulize wangali hai.

Hadi juma lijalo, kwaheri.