Kadi ya Nvidia Kwenye Linux: Usizime Kinga, Sajili Ufunguo

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za mitumba hazikubali Windows 11. Ndipo vijana wanaohariri video za harusi hapa Kona ya Musa wakaanza kuniuliza kuhusu Linux.

Lalama yao ni moja: Ubuntu imekaa vizuri, lakini kadi ya Nvidia hailali wala haiamki, na video inakwenda kwa kujikokota. Mafundi huwaambia wazime Secure Boot. Ukizima, kadi itafanya kazi. Lakini hiyo ni sawa na kung'oa kitasa kwa sababu ufunguo mpya haujachongwa.

Kazi ya Secure Boot ni kukagua saini ya programu kabla mfumo haujaamka, ili virusi visitangulie kuingia. Ubuntu yenyewe ina saini inayotambulika. Draiva ya Nvidia, ikiundwa papo hapo ndani ya mashine yako, haina saini hiyo, nayo keneli huikataa. Dawa ni kusajili ufunguo wa mwenye mashine, uitwao MOK.

Fungua terminali, andika mokutil --sb-state. Ikijibu "SecureBoot enabled", kinga imewashwa. Kisha andika sudo ubuntu-drivers install. Ukiombwa nywila, weka ya herufi nane hadi 16, uikumbuke. Washa mashine upya.

Hapa ndipo wengi hupotea. Kioo cha buluu hutokea kwa sekunde 10 tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, weka ile nywila, kisha Reboot. Kikikupita, andika:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

uwashe tena. Mwisho andika nvidia-smi. Ukiona jina la kadi yako, alhamdulillahi, umemaliza. Keneli ikisasishwa, draiva hutiwa saini kwa ufunguo uleule.

Kwa nini nasisitiza? Ndugu zangu, ndani ya mashine hizo mna picha za kupamba, ambako wanaume hawaingii. Bibi harusi amekukabidhi amana. Secure Boot haizuii kila balaa, wala haimzuii mwizi kubeba kompyuta, lakini mlango mmoja uliofungwa ni bora kuliko ulioachwa wazi kwa uvivu wa dakika kumi.