Robine Inayotonya



Wiki iliyopita nilitega beseni chini ya robine yetu usiku kucha. Asubuhi lilikuwa limejaa, na siku hiyohiyo mwanafunzi wangu mmoja alichelewa darasani: alikuwa kwenye foleni ya maji na bidoni yake, hapahapa Bunia. Niliona haya.

Kilichoharibika ni kampira kadogo ka ndani tu. Kila jioni tulikuwa tunakaza robine kwa nguvu (baba ya watoto hasa!), kumbe ndivyo kanavyosagika. Funga kwanza maji kwenye mita, fungua robine maji yaishe, kisha legeza kichwa chake kwa spana. Kampira ka zamani ukapeleke sokoni, ununue kenye kipimo kilekile. Mimi nilikisia, nikarudi sokoni mara mbili. Sasa tunaifunga kwa vidole viwili.