Sinema na Mazungumzo Yake katika Miji ya Bara: Mfano wa Shelui

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega hushuka mteremko wa Sekenke, na chini ya mteremko huo huukuta mji mdogo wa Shelui, katika wilaya ya Iramba. Jina la Sekenke lajulikana katika historia kwa dhahabu yake: ndiyo waliyoitumia Wajerumani kupiga sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, vita vilipokuwa vimewakatia njia ya bahari. Shelui ni mji wa njiani. Malori husimama, mabasi hupita, Wanyiramba, Wasukuma na Wanyamwezi hukutana sokoni, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Mji wa namna hii hauna jumba la sinema kama yale yaliyojengwa Dar es Salaam, Tanga au Unguja. Walakini litakuwa kosa kudhani kwamba watu wa miji ya njiani hawana mazoea ya kutazama picha pamoja na kuzizungumza. Mazoea hayo wanayo, tena ni ya miaka mingi. Ila hayakupata kuandikwa katika daftari la chama chochote.

Chama cha sinema, kwa maana iliyozoeleka Ulaya, ni mkutano wa watu wapendao picha za zamani, wanaotoa ada, wakazitazama pamoja na kisha wakazijadili. Mjini London chama cha namna hii kilianzishwa mwaka 1925. Mjini Calcutta, Satyajit Ray na wenzake walianzisha chao mwaka 1947, miaka minane kabla Ray mwenyewe hajatoa picha yake ya kwanza. Desturi yao ilikuwa moja: taa huzimwa, watu hunyamaza, picha hwisha, taa huwashwa, ndipo mazungumzo huanza. Katika bara la Afrika Mashariki mpango ulikuwa mwingine. Mazungumzo hayakungoja taa. Yaliingia ndani ya picha yenyewe, na mara nyingi alikuwapo mtu maalum ambaye kazi yake ilikuwa kuyaongoza. Mtu huyo ndiye anayestahili kuchunguzwa kuliko vyombo na majumba.

Mwanzo wake na utafutwe Vugiri, katika milima ya Usambara. Huko, kati ya mwaka 1935 na 1937, palifanywa kazi ya majaribio iliyoongozwa na Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha zilizotoka kwa sehemu kubwa katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Walipiga picha za mafunzo ya kilimo, ya afya na ya kuweka akiba posta, wakawatumia Waafrika kuwa waigizaji, kisha wakazipeleka kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Sauti ilitiwa katika sahani za santuri, na picha moja iliweza kuwa na sahani za lugha mbalimbali. Ulikuwa werevu, lakini sahani haijui kungoja: watu wakicheka, yenyewe huendelea, mtu akiuliza, haimjibu.

Serikali ya Uingereza ilipoanzisha idara ya filamu za makoloni mwaka 1939, chini ya William Sellers, mkalimani aliye hai alipewa nafasi kubwa. Gari la sinema lilifika kijijini jioni, shuka nyeupe ikatundikwa, na mkalimani akashika kipaza sauti ili aeleze yanayoonekana. Sellers alishika nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayorukaruka kutoka mahali hadi mahali, na kwa hiyo picha zake zilitengenezwa polepole, jambo moja baada ya jingine, kama kwamba zinafunzwa watoto. Hapana haja ya kubishana sana na nadharia hiyo. Watazamaji wenyewe waliivunja, kama itakavyoonekana. Lakini ni jambo la kuchekesha kwamba nadharia hiyo ya dharau ndiyo iliyompa nguvu mkalimani, na mkalimani akaitumia nguvu hiyo kwa namna ambayo idara haikuipanga. Katika bara, ambako wakati ule Kiswahili kilikuwa lugha ya pili kwa wengi, hakuweza kusoma maelezo ya Kiingereza kama yalivyo. Ilimlazimu atafute mfano wa hapo hapo, ataje mto unaojulikana na zao linalolimwa. Kwa hiyo picha moja ikawa picha nyingi, kwa kadiri ya vijiji ilimooneshwa.

Yafaa kukumbuka pia kwamba Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, aliigiza katika picha za Kiswahili za miaka ya mwanzo ya 1950, na iliyojulikana zaidi ni Muhogo Mchungu. Kwa watazamaji wa wakati huo, kumwona mtu wa kwao akisema lugha yao katika picha lilikuwa jambo geni.

Mijini mambo yalikwenda kwa mkondo wake. Mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alijenga Royal Cinema ya Unguja mwaka 1921, na baada ya hapo majumba yakaongezeka pwani na katika miji ya reli. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake juu ya sinema za Tanzania kilitoka mwaka 2018, alikusanya kumbukumbu za watazamaji wengi, na katika kumbukumbu hizo jina lirudilo mara kwa mara ni Awaara, picha ya Kihindi ya mwaka 1951. Mhusika wake ni mtoto wa hakimu aliyelelewa na mwizi. Hakimu huyo aliamini kwamba mtoto wa mwizi hawezi kuwa ila mwizi. Na picha nzima ni jibu kwa imani hiyo. Watu walitoka ukumbini wakiwa na swali mikononi: je, tabia ya mtu yatoka katika damu au katika malezi? Swali hilo liliingia barazani, na wengi wa waliolizungumza hawakujua Kihindi. Na tena Awaara si picha ya polepole. Husimuliwa kwa kurudi nyuma, kuanzia mahakamani, na ina ndoto ndefu katikati. Kama watu wa Unguja waliifuata, nadharia ya Sellers ilikuwa imekufa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali iliingia katika biashara ya sinema kwa Shirika la Filamu Tanzania, lililoundwa mwaka 1968. Picha za hadithi zilizotoka humo si nyingi. Fimbo ya Mnyonge, ya miaka ya 1970, yaeleza habari za kijana anayeuacha mji usiompa kazi na kuelekea kijiji cha ujamaa. Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ni picha fupi juu ya mwanamke aliyeolewa ambaye maradhi yake hayakupata dawa hospitalini, naye anaiogopa tiba ya jadi. Ilipata tuzo katika tamasha la Ouagadougou mwaka huo huo.

Kisha ikaja video. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, na kwa hiyo kanda za video zilikuta watu wenye njaa ya picha. Ndipo kilipozaliwa kibanda cha video, ambacho wengine hukiita kibanda umiza kwa ajili ya mabenchi yake yasiyo na huruma. Kuta za mabanzi au udongo, paa la bati, turubai mlangoni la kuzuia mwanga, runinga moja juu ya meza, jenereta nyuma ya nyumba, na nje ubao uliochorwa kwa chaki majina ya picha za siku hiyo. Mji usioweza kulipia jumba la viti 500 uliweza kulipia kibanda cha watu 40. Hata hivyo yapasa kusema ukweli wake wote: vibanda vimekuwa mahali pa wanaume na vijana zaidi kuliko wanawake, walimu na wazazi wamevilalamikia kwa watoto watorokao shule, na siku hizi mpira wa Uingereza umechukua jioni nyingi zilizokuwa za hadithi.

Ndani ya kibanda watazamaji hawanyamazi. Humwonya shujaa, ambaye humwita steringi, kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Hubashiri, hupinga, huwekeana dau. Kuna kanuni wanayoijua wote, kwamba steringi hafi, na picha inayothubutu kuivunja huzusha ubishi utakaomalizikia njiani. Kanuni hiyo ni uhakiki, ingawa haikuandikwa na mhakiki: yaonesha kwamba watazamaji wanaujua muundo wa hadithi na wanampima mtungaji kwa huo.

Katika mazingira haya mkalimani wa gari la sinema alirudi kwa sura mpya. Mjini Dar es Salaam alitokea Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye alisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili mbele ya watazamaji, na baadaye sauti yake ikatiwa katika kanda zilizosafiri mbali kuliko yeye mwenyewe. Wengine walimfuata, na watu wakawaita madijei. Nchini Kenya DJ Afro alipata sifa kwa kazi iyo hiyo, na Uganda wako wasimulizi wao wa Kiganda. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hii, aliifananisha katika makala yake na kuugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo wafaa sana. Mchele ni ule ule, lakini mlaji amepewa kitu kingine.

Msimulizi huyu hatafsiri neno kwa neno. Kwanza hana nafasi: waigizaji wanapogombana kwa haraka, yeye ni mmoja, na inambidi awe mume, mke, polisi na jirani kwa sauti moja. Kwa hiyo hubadili nafsi, mara asema kama mhusika, mara asema juu ya mhusika, mara amgeukia mtazamaji amweleze ambalo mhusika bado hajalijua. Huwapa watu wa kigeni majina yanayotamkika. Bei huzigeuza shilingi. Hutia mzaha penye kimya kirefu, na hutaja jina lake mwenyewe ili asisahauliwe. Yeyote aliyesikia bibi akitamba hadithi, kuanzia “Paukwa!” na kuitikiwa “Pakawa!”, atazitambua mbinu hizi. Kiswahili chake, kusema kweli, aghalabu si sanifu. Huchukua maneno ya vijiweni na kuyapeleka miji ambayo haijayasikia. Mwenye kupenda usanifu atakunja uso. Walakini katika sehemu ambako wazee wangali wakisema lugha ya kabila nyumbani, kanda hizi zilikuwa miongoni mwa masimulizi marefu ya Kiswahili yaliyosikilizwa kwa hiari, bila mwalimu wala fimbo.

Hapa ndipo penye hasara. Tenzi zilikusanywa, methali na ngano vilevile. Masimulizi ya picha hayakukusanywa kwa bidii hiyo. Kanda za video zilizobeba sauti za wasimulizi wa kwanza huoza: utepe hushikana, ukungu huingia, na mashine za kuzichezea zimekuwa adimu. Sababu ya kupuuzwa yaeleweka. Kazi hizi zilifanywa juu ya picha za watu wengine bila idhini yao, na waigizaji wa Tanzania wamelalamika kwamba picha za kigeni zilizotiwa Kiswahili huwanyang'anya soko. Malalamiko hayo yana haki. Lakini kuuza kanda ni jambo moja, na kuhifadhi sauti kwa ajili ya elimu ni jambo jingine. Zaidi ya hayo, simu ya mkononi sasa humfanya kila mtu atazame peke yake, na ule ubishi wa benchini, ambao ndio nusu ya sanaa, hauingii katika simu.

Katika miaka ya 2020 kikundi cha Ajabu Ajabu cha Dar es Salaam kimefanya jambo la kutazamwa na wenye kupenda sinema. Kiliitwaa Maangamizi, picha ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya mwaka 2001, iliyokuwa imependekezwa na Tanzania kushindania tuzo za Oscar, nayo yaeleza habari za daktari kutoka Marekani na mgonjwa mwanamke anayesemezana na roho ya mababu. Wakaipeleka vibandani, mbele ya watazamaji wa kawaida, pamoja na msimulizi wa kuitamka kwa Kiswahili cha kibandani. Kwa njia hiyo picha ya zamani ya nchi, ambayo Watanzania wengi hawakupata kuiona, iliwafikia kwa mlango waliouzoea.

Mpango huo ungefaa Shelui kuliko mpango wa London. Mji una watu wa njia kuu, wafugaji, wakulima wa alizeti na wachimbaji wadogo wa dhahabu, na kila kundi lingeuona mji wa Fimbo ya Mnyonge kwa jicho lake. Mchimbaji aliyeacha kijiji chake ili atafute bahati katika mashimo hatakubaliana upesi na hadithi inayomrudisha shambani. Arusi ya Mariamu ingefaa kuanza nayo, kwa kuwa ni fupi na lugha yake ni Kiswahili, na msimulizi hana haja ya kutafsiri bali kuulizisha. Saa ingekuwa ya alasiri, ili wanawake waweze kuhudhuria, na mwenye kibanda alipwe kama alipwavyo siku ya mpira. Mtu mmoja akae karibu na mlango, mwenye daftari na chombo cha kunasa sauti, aandike nani alicheka wapi, na nani alisimama akapinga picha ikiwa bado inakwenda.