Fahamu: Kwa nini nyumba za mapumziko milimani Uswisi haziuzwi kiholela

Ukitaka nyumba ya mapumziko Verbier au St. Moritz, pesa peke yake haitoshi. Machi 11, 2012 wapiga kura wa Uswisi waliamua, kwa asilimia 50.6 tu, kwamba nyumba za aina hiyo zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila manispaa. Penye kuzidi, vibali vipya havitolewi, isipokuwa kwa masharti maalumu.

Sababu inaonekana kwa macho. Mwezi Novemba, kabla ya msimu wa theluji, mtaa mzima huwa umefungwa madirisha, huku mwalimu na mpishi wa hoteli wakihangaika kupata chumba cha kupanga.

Kwa mnunuzi, swali la kwanza ni kibali kilitolewa lini. Nyumba iliyokuwepo au kuidhinishwa kabla ya kura ile inaweza kutumiwa na yeyote, hata wa wiki mbili kwa mwaka. Ya baadaye kwa kawaida ni ya mkazi wa kudumu, na sharti hilo huandikwa kwenye daftari la ardhi.

Mgeni anayeishi nje ya nchi hukutana pia na Lex Koller, sheria ya 1983: vibali vya nyumba za mapumziko havizidi 1,500 kwa mwaka nchi nzima.

Naunga mkono kikomo cha asilimia 20, lakini kimeacha kidonda. Nyumba za zamani, zisizo na sharti, ndizo zinazogombaniwa na matajiri wa mijini, na tangu Oktoba 2024 zinaruhusiwa kubomolewa na kujengwa upya zikiwa kubwa zaidi kwa hadi asilimia 30. Mpangaji wa kijijini ndiye anayehamishwa.